Jino Halijaisoma Ramani

Mhadhara wa wazi uliotolewa mjini Baraka mbele ya wanafunzi, wauguzi na wazazi wa Fizi na Ubwari



Kabla ya maneno, kazi ndogo. Ndoo hii ina matope niliyoyachota asubuhi kando ya ziwa. Katikati yake nimesimamisha kijiti. Kichwani mwa kijiti nimefunga utepe wa mpira niliokata kwenye tyubu ya baiskeli, na ncha yake ya pili nimeifunga kwenye mguu wa meza. Mpira unavuta kwa upole, kwa macho huoni kitu. Nimemwomba kijana mmoja wa kalasi ya mwisho akadirie: nitakapomaliza kusema, kijiti kitakuwa kimesogea sentimita ngapi? Ameutazama mpira, ameupima kwa rula, amefanya hesabu yake na kuandika ubaoni: 6. Vizuri. Namba hiyo ikae pale pale.

Mtu wa Mombasa au Unguja akisikia kwamba nimetoka Fizi hutabasamu, maana kwake fizi ni ile nyama nyekundu inayoshika meno. Ufizi mmoja, fizi nyingi. Nimetaniwa sana kwa jambo hilo, na leo nimeamua kulipa deni: mtu wa Fizi aseme juu ya fizi, na juu ya kilichofichwa ndani yake. Mimi si munganga wa meno, ni mwalimu wa hesabu. Lakini kazi ya kunyoosha meno imeingia katika mikono ya watu wa hesabu kuliko wengi wanavyodhani, na baadhi ya watu hao hawajawahi kumwambia mgonjwa afungue kinywa.

Sisi tunaoishi hapa tunajua ramani inavyoweza kumkosea mwenye nchi. Mwaka 1858 msafiri Richard Burton na mwenzake John Speke walipita na mitumbwi kutoka Ujiji kwenda Uvira, wakatua Ubwari njiani. Burton aliporudi kwao Uingereza aliandika kwamba Ubwari ni kisiwa. Hakuwa mjinga. Aliona milima ikitoka majini, aliona maji upande huu na upande ule, akaunganisha alichokiona na alichosimuliwa, na mstari wa kalamu yake ukazunguka mahali ambapo miguu yake haikufika. Mwaka 1876 msafiri mwingine, Stanley, alilizunguka ziwa zima kwa boti, na katika ramani zilizofuata kisiwa kikashikamana na nchi kavu. Maji yaliyobaki katikati, haya tunayoyaona kutoka hapa Baraka, yakaitwa Ghuba ya Burton. Yaani ghuba imepewa jina la mtu ambaye hakujua kwamba ni ghuba. Watu wa Ubwari, waliokuwa wakiivuka shingo ile ya nchi kwa miguu, hawakuulizwa.

Namtaja Burton kwa sababu kompyuta inayoonyesha meno yakisogea inafanya kazi aliyoifanya yeye. Inachora kitu kizima kwa kutumia sehemu inayoonekana.

Sasa tuone kitu chenyewe. Wengi wenu mmewahi kuona waya za meno, zile nyuzi za chuma zilizobandikwa mbele ya meno ya vijana wa mijini. Kuna njia nyingine, ya ganda jembamba la plastiki angavu, unene wake chini ya milimita moja, lililofinyangwa kufuata meno ya mtu mmoja tu. Wenye kazi hiyo huliita alaina. Mimi nitaliita ganda. Huvaliwa saa 20 hadi 22 kwa siku, likavuliwa wakati wa kula na wa kupiga mswaki. Ganda la kwanza linafanana na meno yako karibu kabisa, isipokuwa mahali pamoja limekosewa kwa makusudi: jino fulani limewekwa pembeni kidogo ya lilipo, kama robo ya milimita. Ukilivaa, plastiki inapindika, na kwa kuwa inataka kurudi kwenye umbo lake, inalisukuma jino lako lifuate lile kosa. Baada ya wiki moja au mbili unalitupa na kuvaa la pili, lenye kosa jipya mbele kidogo ya lile la kwanza. Hivyo hivyo mpaka ganda la mwisho.

Wazo hili ni la zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1945 munganga wa meno wa Marekani aitwaye Harold Kesling alichukua nakala ya meno ya mgonjwa, akayakata jino moja moja, akayapanga upya kwenye nta kwa mkono, kisha akatengeneza kifaa cha mpira juu ya mpango ule mpya. Kilifaa kwa marekebisho madogo ya mwisho. Kesling mwenyewe aliona kwamba ukitengeneza vifaa kadhaa vinavyofuatana unaweza kulisogeza jino mbali zaidi, lakini nani angekaa kukata na kupanga nta mara ishirini kwa kila mgonjwa?

Jibu lilikuja mwaka 1997. Wanafunzi wawili wa biashara wa Chuo Kikuu cha Stanford, Zia Chishti aliyekulia Lahore na Kelsey Wirth, walianzisha kampuni ya Align Technology huko California. Chishti alikuwa amevaa waya akiwa mtu mzima, na baada ya kuvuliwa akapewa kifaa cha plastiki cha kuzuia meno yasirudi. Akawaza: ikiwa plastiki inaweza kulishika jino, mbona isiweze kulipeleka? Hakuna hata mmoja kati yao aliyesomea meno. Mwaka 1998 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaruhusu kuuza, na bidhaa yao ikajulikana duniani kwa jina la Invisalign. Walichoongeza juu ya Kesling ni kompyuta ya kupanga, na mashine ya kuchapa vitu kwa tabaka, ile ambayo Chuck Hull alipewa hataza yake mwaka 1986. Kila hatua ya mpango huchapwa kama sanamu ya meno, karatasi ya plastiki hupashwa moto na kuvutwa juu ya sanamu, kisha hukatwa kingo.

Hapa ndipo hesabu inapoanza, na nitawaomba wazee wanivumilie kidogo.

Kamera ndogo hupitishwa kinywani, ikapiga picha nyingi sana kutoka pande zote. Programu inaziunganisha ikapata ngozi ya meno iliyofumwa kwa pembetatu ndogo ndogo, maelfu kwa maelfu, kama wavu wa ndagaa uliotandazwa juu ya mawe. Wavu huo ni mmoja, haujui jino linaishia wapi na ufizi unaanzia wapi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuukata: huyu gego, huyu chonge, huyu jino la mbele. Zamani fundi alifanya hivyo kwa mkono kwenye skrini. Siku hizi programu iliyofundishwa kwa mifano mingi hufanya sehemu kubwa, fundi akakagua.

Jino likishakatwa, kwa mwalimu wa hesabu linakuwa kitu kigumu kinachohitaji namba 6 tu. Namba 3 zinasema limesogea kiasi gani: kulia au kushoto, mbele au nyuma, juu au chini. Namba 3 nyingine zinasema limezungushwa kiasi gani kwenye mihimili hiyo hiyo. Mtu mzima bila magego ya mwisho ana meno 28. Mara 6, ni namba 168. Kinywa chako kizima, na aibu yako yote ya kucheka mbele ya watu, kinaingia kwenye namba 168.

Munganga anapanga mahali meno yanapotakiwa kufika. Programu inatafuta njia kutoka mwanzo mpaka mwisho, ikihakikisha hakuna meno mawili yanayopita mahali pamoja kwa wakati mmoja. Kisha inagawanya njia. Chukueni mfano. Chonge anahitaji kusogea milimita 3. Kila ganda linampa milimita 0.25, basi maganda 12. Jirani yake anahitaji kuzungushwa nyuzi 30, na kila ganda linampa nyuzi 2, basi maganda 15. Nani anaamua idadi? Mwenye safari ndefu. Maganda ni 15, na yule wa milimita 3 anapunguziwa mwendo ili wafike pamoja. Ukibadilisha kila wiki ni wiki 15, ukibadilisha kila wiki mbili ni wiki 30. Munganga anabonyeza, na kwenye skrini meno yanaanza kutembea, laini, kama bata wakiingia majini. Mgonjwa anatazama, anafurahi, analipa.

Wandugu, sinema hiyo ni jometri peke yake. Hakuna nguvu ndani yake, wala damu, wala mfupa. Inaonyesha mahali tunapotaka jino liwe, na mtu anayeitazama anadhani ameonyeshwa mahali litakapokuwa.

Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichukua wagonjwa waliokwisha kuvaa maganda, wakaulinganisha mpango wa kompyuta na meno yenyewe. Kwa wastani, meno ya mbele yalikuwa yametimiza asilimia 41 ya mwendo uliopangwa. Kulivuta jino kutoka kwenye ufizi kulitimia kwa asilimia 29.6 tu. Mwaka 2020 kazi kama hiyo ilirudiwa, baada ya plastiki bora na programu bora. Wastani ukapanda hadi asilimia 50. Miaka kumi na moja ya ufundi wa kampuni tajiri, na jino bado linafanya nusu ya linaloambiwa. Mimi kama mwalimu nimeshawahi kuwa na mwanafunzi wa namna hiyo.

Kwa nini?

Turudi kwenye ndoo. Mvuvi anajua: ukitaka kuhamisha mti uliosimikwa kwenye tope la ufuoni, hausukumi kichwani. Ukisukuma kichwani, kichwa kinaenda mbele na mguu unarudi nyuma ndani ya tope. Mti umelala, haukuhama. Ili uhame ukiwa wima lazima nguvu ipite karibu na katikati ya sehemu iliyozama, au uushike kwa mikono miwili, mmoja ukisukuma na mwingine ukizuia usilale. Jino ni mti huo. Sehemu kubwa ya urefu wake ni mzizi, na mzizi umezama ndani ya mfupa. Ganda la plastiki linashika kichwa tu. Halina mkono wa kufika chini. Ndiyo maana kulilaza jino ni rahisi, na kulihamisha likiwa wima ni shida. Kulizungusha chonge ni shida pia, kwa kuwa ni duara, na ganda linateleza juu yake kama kiganja chenye sabuni juu ya chupa. Ili kusaidia, munganga anabandika juu ya jino vinundu vidogo vya resini yenye rangi ya jino, na ganda linapata pa kushika. Mahali pa kubandika kinundu na pembe zake ni hesabu nyingine, na hapo uigaji wa kompyuta wa aina ya pili, si ule wa sinema, ndio unaostahili heshima.

Aina hiyo haitazami umbo peke yake, inatazama nguvu. Mbinu yake ilikua miaka ya 1950 katika hesabu za mabawa ya ndege huko Marekani, na Ray Clough akaipa jina lake mwaka 1960. Kitu kizima kinakatwa vipande vidogo kabisa ndani ya kompyuta. Kila kipande kinapewa ugumu wake, na kompyuta inauliza vipande vyote kwa pamoja: huyu akisukumwa hapa, nyinyi wengine mtapindika vipi? Kwa jino, vipande hivyo ni vya plastiki, vya jino, vya mfupa, na vya kitu cha nne ambacho ndicho mfalme wa habari yote.

Jino halikugandishwa kwenye mfupa. Limening'inizwa. Kati ya mzizi na tundu lake kuna utando wa nyuzi, unene wake kama milimita 0.2, wenye mishipa ya damu na ya fahamu. Ukitafuna jiwe kwenye mchele, huo ndio unaopiga kelele. Katika hesabu nyingi za kompyuta, ganda gumu la nje la mfupa hupewa ugumu wa kama megapaskali 13,700, na utando huu chini ya megapaskali 1. Tofauti ni karibu mara 20,000. Karibu kila kitu kinachotokea jino linapoguswa, kinatokea ndani ya upana huo wa karatasi mbili. Ajabu ni kwamba ukikusanya vipimo vya ugumu wa utando huo vilivyochapishwa na maabara mbalimbali, vinapishana mara elfu na zaidi. Kila mwenye kompyuta anachagua namba yake. Programu inachora rangi nzuri, nyekundu kwa mkazo mkubwa na bluu kwa mdogo, na rangi hizo hazikuambii kwamba namba iliyoko chini yake ilichaguliwa.

Na hata namba ikiwa sahihi, uigaji huo unaonyesha dakika ya kwanza tu: umelivaa ganda, utando umebanwa upande huu, umenyooshwa upande ule. Safari yenyewe inaanza baadaye, na anayesafiri ni mfupa. Upande unaobanwa, seli ziitwazo osteoklasti zinafika na kuula mfupa. Upande unaonyooshwa, seli ziitwazo osteoblasti zinajenga mfupa mpya. Tundu lenyewe linahama, na jino linahama nalo, kama milimita moja kwa mwezi mambo yakienda vizuri. Msweden Carl Sandstedt aliliona hilo kwenye mbwa tangu mwaka 1904, kwa darubini.

Mtu mwenye haraka atasema: basi ongeza nguvu. Hapana. Mwaka 1932 A. M. Schwarz aliandika kwamba shinikizo lisizidi lile la damu ndani ya mishipa midogo kabisa, akalikadiria kuwa gramu 20 hadi 26 kwa kila sentimita ya mraba. Ukizidisha, mishipa inafungwa, seli zilizotakiwa kufanya kazi zinafia pale pale, na jino linasimama wiki kadhaa mpaka mwili usafishe eneo lile kwa kulizunguka. Ukisukuma sana, jino haliendi kasi, linagoma. Na mzizi wenyewe unaweza kuliwa ukafupika.

Mfupa wa kijana wa miaka 14 haukimbii sawa na wa mama wa miaka 50. Plastiki nayo ina tabia zake: ikishavaliwa kwenye joto na mate ya kinywa, inapoteza sehemu kubwa ya nguvu yake siku ya kwanza. Mgonjwa naye ana zake, maana anaambiwa saa 22 na anavaa 12, kisha anamwambia munganga 22. Kompyuta imeandika 22.

Munganga hodari anayajua haya yote. Anaagiza zaidi ya anachotaka: akitaka nyuzi 10, anapanga 15. Kila mara anamwita mgonjwa, anaangalia kama ganda limekaa, na likionekana lina nafasi pembeni ya jino, anajua jino limebaki nyuma. Katikati ya safari anapitisha kamera tena na kuagiza maganda mengine. Mpango wa kwanza unatupwa. Kwa hiyo nisikilizeni vizuri hapa: kinachoponya si ile sinema ya mwanzo, ni kurudi na kupima.

Liko jambo jingine ambalo halimo kwenye nguvu wala kwenye mfupa, na ndilo linalonikera mimi. Nani anaamua mwisho wa safari?

Edward Angle, Mmarekani aliyepanga madaraja ya mpishano wa meno mwaka 1899, na ambaye madaraja yake yanatumika mpaka leo, aliusifu uso wa sanamu ya Apollo Belvedere kama kipimo cha uzuri. Sanamu ya marumaru, imefunga mdomo. Tangu hapo desturi ya kazi ile imekuwa meno yaliyobanana bila upenyo, na programu zimezaliwa ndani ya desturi hiyo. Ukiipa programu kinywa chenye nafasi katikati ya meno mawili ya mbele, inaisoma kama kasoro na kupendekeza iifunge. Kwa kweli nafasi hiyo ni miongoni mwa mambo ambayo maganda huyaweza vizuri.

Lakini sisi tuna jina la nafasi hiyo. Tunaiita mwanya, na hakuna anayemwambia msichana ana mwanya kwa nia ya kumtukana. Jino likitoka, nafasi yake inaitwa pengo, na hilo ni neno lingine na huzuni nyingine. Lugha yetu imetenganisha vitu viwili ambavyo programu inavihesabu kwa milimita zile zile. Kitaalamu hakuna shida: munganga anaweza kuandika kwenye agizo kwamba nafasi ya milimita 2 ibaki. Shida ni kwamba lazima mtu akumbuke kuandika, na mgonjwa ajue kwamba ana haki ya kuomba.

Mkongomani Ota Benga alipelekwa St. Louis mwaka 1904 kuonyeshwa kwenye maonyesho, na mwaka 1906 akawekwa katika nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Meno yake yalikuwa yamechongwa kwa desturi ya kwao. Watu walilipa kuyatazama meno hayo, wakaambiwa ni ya mla watu. Baadaye, huko Lynchburg, Virginia, yalifunikwa ili afanane na wengine. Alijiua mwaka 1916. Sisemi kwamba mwenye kompyuta wa California ni sawa na watu wale. Nasema tu kwamba meno ya Mkongomani yameshawahi kusahihishwa na mtu mwingine, na gharama yake inajulikana.

Haya, tushuke Baraka. Najua mnachokiwaza. Huko Marekani matibabu haya ni maelfu ya dola, na hapa mtu anayeumwa jino anakutana na koleo kabla ya kukutana na kitu kingine. Kuna maana gani kuzungumza juu ya maganda ya plastiki?

Ipo. Faili ya meno haina uzito. Inaweza kupigwa mahali pamoja, ikapangwa mji mwingine, na maganda yakasafiri ndani ya bahasha kwa barabara ya Uvira au kwa boti. Waya za chuma zinamhitaji fundi wake kila mwezi kwa mikono yake, ilhali maganda yanahitaji zaidi mtu wa kuangalia na kupima. Mwaka 2016 mwanafunzi mmoja wa New Jersey alijitengenezea maganda yake mwenyewe kwa mashine ya kuchapa ya chuo, na vifaa vikamgharimu chini ya dola 60. Alisoma vitabu kwanza, na meno yake yalihitaji kidogo tu. Simshauri mtu amwige. Namtaja ili mjue kwamba plastiki si ghali. Kilicho ghali ni ujuzi, na ujuzi unafundishika. Kwa shule ya wauguzi, uigaji una kazi nzuri kuliko zote: unamwonyesha mwanafunzi mzizi ukirudi nyuma wakati kichwa kinaenda mbele, jambo ambalo hataliona kamwe kinywani.

Pia ipo hatari, na imeshaonekana. Kampuni ya SmileDirectClub ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2014, iliwatumia watu maganda nyumbani kwa posta. Wengi hawakuonana na munganga ana kwa ana. Desemba 2023 ilifungwa kwa madeni, na watu wakabaki na meno ya katikati ya safari, hawajui wamuulize nani. Mtu mwenye fizi zinazotoka damu, au gego lililooza, akianza kusukumwa meno, anaweza kuyapoteza. Kamera haioni kilicho chini ya ufizi, picha ya eksirei ndiyo inayoona. Na ganda lililovaliwa juu ya chai yenye sukari linaifungia sukari pamoja na jino saa nzima.

Mama zangu, kuna meno ambayo hakuna kompyuta itakayoyasogeza, kwa sababu hayapo. Katika nchi jirani, Tanzania wanaita meno ya plastiki, Uganda wanaita ebiino: mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, uvimbe mweupe kwenye ufizi wake unasingiziwa, na mtu anauchimba kwa kisu au spoku ya baiskeli. Kinachotolewa ni chipukizi la chonge la utoto. Chini yake kuna chipukizi la chonge la utu uzima, nalo hujeruhiwa au hung'oka pamoja. Mtoto anaweza kufa kwa damu au kwa maambukizi. Akipona, akifika miaka 12 anaota jino lililopinda, au haoti kabisa. Kuharisha kwake kulihitaji maji yenye chumvi na sukari, na kupelekwa kwa munganga.

Na jino la utoto lisidharauliwe kwa kuwa litang'oka. Gego la utoto linamshikia nafasi mwenzake anayekuja. Likiozeshwa na peremende na kung'olewa miaka mitatu mapema, jirani zake wanalala juu ya nafasi ile kama watu kwenye kiti cha boti, na mwenye tiketi akifika anakuta pamejaa. Meno mengi yaliyopandana yalianza hivyo. Mswaki wa jioni ni kazi ya kunyoosha meno, ingawa hauna sinema.

Nimemaliza. Kijana, njoo na rula yako. Pima kwanza kichwa cha kijiti.

Ngapi? Sentimita 4. Sasa tia kidole kwenye tope, taratibu, utafute mguu wake. Uko wapi? Semeni kwa sauti, vijana waliopanda madirishani kwa kukosa viti hawajasikia: mguu haukuja, umerudi nyuma sentimita 1.

Andika zote mbili pale ubaoni, chini ya ile 6. Hapana, usiifute 6. Iache.